Siku Nne za Boti ya Bati

Mume wangu ni mtu wa kuota macho wazi. Nasema hivyo kwa upendo, ingawa watu wakinisikia ninavyomwitaga pale nje wanadhani tuna ugomvi. Unamtuma majani ya chai dukani, anarudi baada ya saa nzima mikono mitupu. Ukimwuliza, anasema alisimama kuangalia mawingu yalivyokuwa yanapita juu ya paa la kanisa. Majani yako wapi, Baba Fredy? Anashika kichwa. Basi mnakunywa maji ya moto na sukari, mnacheka, mtafanyaje sasa.

Anaitwa Isidori Wanzagi. Alizaliwa Butiama, kule kwenye mawe makubwa, kwenye boma la ng'ombe. Maji ya kwao ni ya kisima na ya lambo, maji ambayo mtu akisimama upande huu anamwona ng'ombe wake upande ule. Mimi Yunis nimezaliwa kisiwani, kisiwa kidogo ambacho pantoni ya Kisorya haifiki. Niliogelea kabla sijajua kusema vizuri. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwaga akiwaambia wageni, na mama alikuwa anapenda sana kuongeza chumvi.

Tulikutana Bunda, mtaa wa Kabasa. Mimi nilikuwa nimepeleka dagaa, yeye alikuwa na kibanda cha kuziba masufuria, kazi aliyofundishwa na mjomba wake. Nilikuwa na sufuria kubwa ya mama iliyotoboka. Aliipokea, akaiinua kuelekea jua, akaingiza uso wote ndani, akakaa humo. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nikamgonga begani: wewe kijana, umelala? Akajibu akiwa humohumo ndani, sauti inavuma, "Hapana. Njoo uone. Kuna nyota saba." Yalikuwa ni matundu saba. Nikaingiza kichwa changu na mimi, mchana kweupe, soko zima linatutazama, na kweli nikaziona nyota. Nadhani niliolewa palepale, mengine yalikuwa ni taratibu tu.

Tuna miaka ishirini na sita sasa. Watoto wanne, mkubwa ndiye huyo Fredy, yuko Mwanza anafanya kazi. Tulihamia huku ufukweni, mbele ya Kisorya, kwa sababu ya biashara yangu ya dagaa. Isidori alikubali kuhama, lakini kibanda chake alikijenga mlango ukiangalia mlima. Ziwa aliliweka mgongoni. Alisema akiliangalia kwa muda mrefu analisikia linataja jina lake, tena polepole, bila haraka, na yeye hajui atajibu nini.

Kwa hiyo hakuwahi kuvuka. Hata siku moja. Wala mtumbwi, wala pantoni, wala kulowa zaidi ya kifundo cha mguu. Mnaelewa maana yake? Kisiwani kwetu mkwe hajawa mkwe mpaka avuke, aketi kwenye nyumba ya mama mkwe, ale ugali wake. Ng'ombe wa mahari walivuka, walipakiwa kwenye mtumbwi mkubwa na mjomba wake akawasindikiza. Yeye hakuvuka. Mpaka leo kaka zangu wanasema, dada yetu ameolewa na ng'ombe sita.

Nilikuwa nacheka nao, lakini iliniuma. Kila msiba nilikwenda peke yangu, kila Krismasi peke yangu. Mama alikuwa ananipokea mzigo, anaangalia nyuma yangu kwenye maji, halafu anauliza, "Mkwe wangu yuko wapi?" Ana kazi, mama. Ana homa, mama. Watu wamemletea masufuria mengi, mama. Uongo wa miaka ishirini na sita, mpaka nikaanza kurudia uleule.

Nikirudi nyumbani namwagia yeye hasira zote. Naye ananisikiliza vizuri, halafu anasema neno moja tu: "Mtumbwi wa mbao unakuwaga na siri. Mbao mbili zimekutana gizani, katikati mmeshindilia pamba, mimi sioni kinachoendelea humo. Siku nikipata chombo ambacho nimeziba mwenyewe, kila tundu nimeliona kwa jicho langu, nitavuka." Mimi nilijua ni ujanja wa mwoga. Chombo gani hicho cha kuzibwa na fundi masufuria?

Basi kumbe kilikuwepo. Zahanati ya parokia ilikuwa na boti ya alumini, sisi tunaiita boti ya bati, waliyoachiwa na wageni waliomaliza mradi wao. Sista Gaudensia, muuguzi wetu, alikuwa anavuka nayo kila wiki kwenda kupima watoto visiwani. Iliburutwa kwenye mawe miaka mingi, ikaanza kuvuja, na baada ya Pasaka mwaka jana ikawa Sista anapima mtoto mmoja na kuchota maji ndoo tano. Wakaiacha juu ya mchanga, imelala ubavu.

Mwezi wa tisa wa mwaka huohuo, siku ya Jumatatu asubuhi, kaka yangu Machibya akapiga simu kutoka kisiwani. Mama ameacha kula, anakunywa uji kidogo tu, na ule uji wenyewe ni wa kubembelezwa. Nikasema navuka leoleo. Kaka akasema, "Dada, mama anasema usije peke yako. Anasema amechoka kukuona peke yako. Njoo na shemeji."

Nilimkuta Isidori kibandani na nikamwambia hivyohivyo, bila kupaka asali. Aliweka nyundo chini. Aliangalia mlima wake mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumtukana, na nilikuwa nimeshapata mazuri. Halafu akasema, "Nipeni boti ya Sista. Ile ni sufuria tu. Nikiiziba, navuka."

Weee! Nilimpiga na kanga begani kwa furaha kama msichana. Mchana huohuo nikamkusanyia watu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, tuigeuze boti kazi ianze.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza. Lazima niwaeleze jambo letu moja sisi watu wa ziwani. Mtumbwi wa mbao ukikaa nchi kavu muda mrefu unakauka, mbao zinaachiana, ukiutia majini unavuja kila mahali. Huugombezi wala huupigi misumari. Unaujaza mawe, unauzamisha hapo kwenye kina cha kiuno, unauacha siku kadhaa. Mbao inakunywa maji, inavimba, zinakumbatiana zenyewe. Ukiutoa, umepona. Babu alifanya hivyo, baba alifanya hivyo, na mimi mwenyewe nimebeba mawe hayo tangu utoto.

Ngolo ndiye fundi mitumbwi wetu, mtu wa mikono mikubwa, hajawahi kutengeneza chombo kikazama. Aliizunguka boti ya bati, akaigonga na kidole, akasema, "Hiki hakina ugonjwa. Kimekauka tu tangu Pasaka. Kizamisheni siku nne kinywe maji, kitajifunga chenyewe." Watu wakaitikia. Kweli, kimekauka, kila mtu anaona.

Isidori akasema, tena kwa sauti ndogo, "Bati halinywi."

"Kila kitu cha ziwani kinakunywa," Ngolo akasema.

"Bati halinywi, mzee mwenzangu. Tundu la bati ni tundu tu. Nipeni siku nne hizo mimi."

Sista Gaudensia ni mtu wa mbali, mambo ya vyombo alituachia wenyewe. Akanigeukia mimi, maana mgonjwa ni mama yangu na anayesubiriwa ni mume wangu. "Mama Fredy, wewe unasemaje?"

Nilisemaje mimi? Nilikuwa nimehesabu kichwani. Siku nne za maji nilizijua, nimeziona zikiponya mitumbwi hamsini. Siku nne za Isidori je? Mtu wa kutumwa majani ya chai akarudi na habari za mawingu? Nikasema mbele ya mwalo mzima, "Baba Fredy, wewe ni mtu wa ng'ombe. Mambo ya maji tuachie wenyewe." Watu wakacheka. Alicheka na yeye kidogo, akiangalia chini. "Zamisheni," nikasema. Nikawa wa kwanza kubeba jiwe.

Siku nne ile boti ilikaa chini ya maji. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na ukisimama juu ya jiwe moja refu la pale mwaloni unaiona yote pale chini, nyeupe, jua linatembea mgongoni mwake. Samaki wadogo wale tunaowaita furu walikuwa wanaingia na kutoka kwenye viti vya Sista. Isidori alikuwa anakuja kila siku, anasimama mbali kidogo na maji, mikono nyuma, anatazama tu. Siku ya pili nikamfuata. Sikuwa na hasira, nilikuwa na usingizi wa kumfikiria mama. Tukasimama wawili. Maji yalikuwa yanafika na kurudi, yanafika na kurudi. "Inaota," akasema. Nikamwuliza inaota nini. "Inaota iko nchi kavu." Nilicheka, nikamwegemea, na kwa kitambo nikasahau kwamba siku zinakwenda.

Ijumaa tukaitoa. Tukamwaga mawe, tukamwaga maji, tukaisukuma ielee. Kabla hata hatujamaliza kupongezana, maji yakaanza kupanda kwenye sakafu yake, tena kwa wingi kuliko Pasaka, maana mchanga uliingia kwenye maungio na kuyapanua. Ngolo alijikuna shingo akasema labda ingehitaji siku nane. Mimi sikumwambia Isidori samahani. Nilimwambia tu, "Haya, fanya."

Na yeye alifanya. Jamani, niliishi na huyu mtu miaka ishirini na sita na sikuwahi kumwona akifanya kazi mpaka siku ile. Boti ilinyanyuliwa juu ya magogo, ikakaa hewani. Halafu akatuambia wanawake tuchote maji ziwani tuyamwage ndani. Ndani! Watu wanataka maji yatoke, yeye anataka yaingie. "Tusiipeleke boti ziwani," akasema. "Tuiletee boti ziwa." Tukachota ndoo kwa ndoo, mpaka maji yakafika kwenye vifundo ukisimama mle. Mbingu yote ikaingia humo, na mawingu yake, na ndege mmoja akapita chini ya miguu yangu.

Yeye alikuwa chini, na kipande cha chaki. Akasubiri. Taratibu boti ikaanza kulia. Tone hapa, kule mstari mwembamba, tone jingine kwenye kichwa cha ribiti, zile pini fupi zinazoshika bati kwa bati. Kila lilipotokea alilichorea duara dogo. Hakuharakisha. Aliyaita majina kama anaita ng'ombe wanapoingia zizini: huyu mwembamba, huyu mkaidi, huyu anajificha nyuma ya mwenzake. Walikuwa kumi na tisa.

Kwenye sehemu mbili zilizokuwa zinavuja kuliko zote aliniita. Kulikuwa na bolti za chuma, mtu aliwahi kuziba nazo zamani, na pembeni yake bati lilikuwa limegeuka unga mweupe, ukigusa unabaki kidoleni. "Unaona? Chuma na alumini ukivitia kwenye maji pamoja, mmoja anamla mwenzake. Hata sufuria ukiiziba na msumari inakufa hivihivi." Akalifuta lile vumbi jeupe kwenye suruali. "Wanaonekana wameshikana, kumbe wanakulana."

Jumamosi alfajiri akaenda Musoma kutafuta ribiti za alumini yenyewe na ile gundi ya vichupa viwili inayochanganywa. Nilijua atapotea, ataona kitu, ataduwaa. Alirudi kabla ya saa nane mchana na kila kitu. Na majani ya chai, ambayo sikumwagiza.

Tukafanya kazi wawili. Yeye alisugua na brashi ya waya, akapiga msasa, akafuta na spiriti mpaka bati likang'aa. Bolti za chuma akazitoboa zikatoka, pale palipoliwa akakata kiraka cha alumini. Mimi nilikaa ndani ya boti na kipande cha chuma kizito, nakishikilia nyuma ya ribiti ili yeye akigonga kutoka nje isikimbie. Hatukuonana. Bati lilikuwa katikati yetu. Anagonga mara tatu, ananyamaza.

"Upo?"

"Nipo."

Anagonga tena. Jua lilikuwa kali, boti ilikuwa na joto la tumbo la mnyama, na ile sauti ilikuwa inanipitia mikononi mpaka kwenye meno. Nilianza kusinzia kwa utamu. Nilimkumbuka mama akiwa kijana, akitwanga mihogo, na mimi nimelala mgongoni mwake nasikia mchi kupitia mbavu zake. "Upo?" Nipo, Baba Fredy. Nipo, endelea.

Usiku wa Jumamosi Machibya alikuwa amepiga simu tena. Mama ameuliza tumefika wapi. Jumapili baada ya misa nikamwambia Isidori tuondoke sasa, ribiti zote zimekaa, gundi imeshikana. Akaigusa kwa ukucha. Akakataa. Ilitakiwa ikauke siku nzima. Nilimpigia kelele mwalo mzima ukasikia. Nilimwambia mama yangu hakauki, mama yangu anaisha! Alinitazama na macho yamejaa, lakini hakusogea. "Nikiivusha mbichi itaachia katikati, na wewe utakuwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si wewe unaniambiaga kila siku?" Na kweli ni mimi.

Jumatatu tukaijaza maji tena. Safari hii hakuchukua chaki. Alitandika gunia chini ya boti, akalala chali, maji ya ndoo sitini juu ya uso wake, akafumba macho. Watu walikusanyika. Ngolo naye alikuja, akachuchumaa, akatazama. Tukasubiri tone. Upepo ukaja, ukaondoka. Kuku wa mtu akapita. Baadaye tukagundua kwamba Isidori amelala usingizi kabisa, anakoroma, na uso wake ni mkavu. Ngolo akavua kofia. Sista akaanza kupiga makofi na sisi tukapiga vigelegele, ndipo akaamka akauliza kumetokea nini.

Jumanne asubuhi, saa tatu, tukavuka. Simu niliizima nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, ndivyo tunavyofanyaga tukiingia majini. Burito, dereva wa boti ya zahanati, alikaa nyuma kwenye mashine. Isidori alipandishwa kama mgonjwa, amejifunika shuka, mikono yote miwili imeng'ang'ania pembeni. Saa nzima ya kwanza aliangalia sakafu tu, kila ribiti, moja baada ya nyingine, anazihesabu midomo ikicheza. Sakafu ilikuwa kavu, kavu kabisa, hata vumbi la mchanga lilikuwa bado lipo. Halafu akainua kichwa.

Ziwa halikuwa na wimbi. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, na pale vinapokutana hapakuonekana. "Kumbe ni pakimya hivi," akasema. Alishusha shuka mabegani. Baada ya muda akaniomba nimfundishe atakachosema kwa mama. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, nikamwambia, utakaa mlangoni umegeuka upande. Akasema ni sawa, yeye akiwa amegeuka upande ndio anaongeaga vizuri. Akajaribu: "Mama, nimechelewa. Ng'ombe walinitangulia." Burito alicheka mpaka boti ikayumba. Na mimi nilicheka, na nikajisikia msichana, na nikafikiri, leo mama ataangalia nyuma yangu na atamwona.

Wanawake walikuwa ufukweni. Niliwaona kabla hatujafika na niliona kanga zimefungwa kiunoni, na hakuna aliyepunga mkono. Nilijua. Niliruka majini nikakimbia na nguo zangu.

Alikuwa amekufa saa tatu na nusu asubuhi, sisi tukiwa majini. Kaka alikuwa amenipigia, simu haikupatikana. Shangazi ndiye aliyenieleza mengine, hakujua ananichoma wapi. Alisema tangu Ijumaa mama aliomba ageuzwe alale akiangalia mlango, apate kuona maji. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kila chombo kilichopita aliuliza ni cha nani.

Tulimzika Jumatano. Isidori alichimba na wanaume, akabeba mawe. Jioni ndugu walikaa kikao uani, na Machibya, ambaye ni mkubwa wetu, akamwita asimame. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Shemeji, karibu kwetu. Tumekungoja miaka ishirini na sita, hiyo tulishasamehe. Lakini nilipiga simu Jumatatu ya wiki iliyopita. Boti tunasikia umeiziba kwa siku nne. Zile siku nne nyingine zilikwenda wapi?"

Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, mbele kabisa. Jibu nilikuwa nalo. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa neno kwenye kikao chochote cha nchi hii, nilitazama mikono yangu.

"Niliogopa maji," Isidori akasema. "Nilijichelewesha makusudi, shemeji. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe."

Watu wakaguna. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, si mlisema ameolewa na ng'ombe, afadhali ng'ombe waliwahi. Machibya akatikisa kichwa, akamwambia akae. Akakaa. Hakunitazama hata kidogo, kwa hiyo sikujua kama amekasirika, na usiku nilipomlalia kifuani alinifunika tu.

Alhamisi tukaondoka. Mashine ya Burito ilikuwa inanguruma polepole, maji yalikuwa yametulia kama tulivyoyaacha. Isidori alikuwa amekaa mbele, shuka ameliweka chini, mkono mmoja unaning'inia pembeni na vidole vinachora mstari ziwani. Hakuwa anaogopa tena. Mtu wangu alikuwa ameshinda ziwa na hakuna hata mmoja kule kisiwani aliyejua. Walijua ni mwoga aliyemnyima mama yetu haja yake ya mwisho.

"Baba Fredy," nikamwita. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alifikiri, kama anavyofikiriaga kila kitu, mpaka kisiwa kikawa kidogo nyuma yetu.

"Wewe umefiwa na mama," akasema. "Vyote viwili usingeweza kubeba."

Nilijifunika uso na kanga. Siku tatu nilikuwa nimemlilia mama, na sasa nilimlilia yeye, na nilimlilia vibaya zaidi, maana mama amekufa na huyu yupo hai, na nilikuwa nimemwacha asimame peke yake mbele ya watu wangu. Nililia mpaka nikaisha. Halafu nikajifuta, nikageuka nyuma.

"Burito, geuza."

"Dada, tumeshapita katikati."

"Mama Fredy," Isidori akasema, "acha. Yameshakwisha."

"Hayajaisha," nikasema. "Geuza boti, Burito. Kaka yangu bado ana watu pale uani, na mimi sijaongea."